Vidonge kwenye Ubao wa Zana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu viongozi wa chama cha wafanyakazi, wifi yangu uliyekaa meza ya mbele pamoja na watoto wako, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa karakana ya pampu, mlionawa mikono leo mkaja na mashati ambayo sikujua mnayo, na wewe mwenyewe, Fundi Mkuu, unayestaafu leo, na ambaye najua umeshaona kwamba maua ya meza kuu yamekaa upande: habari za mchana.

Waliotangulia wamezungumza juu ya pampu, na wamezungumza vizuri. Tumeambiwa jinsi Fundi Mkuu alivyoweza kutia sikio kwenye mota inayonguruma akajua ni beringi ipi imechoka, na jinsi maji yalivyorudi kwenye mabomba ya mji huu mara nyingi kwa sababu yeye alikataa kwenda nyumbani. Sina la kuongeza hapo. Mimi ni afisa wa usalama na afya mahali pa kazi; kazi yangu ni kofia ngumu, miwani ya kinga, sanduku la dawa, na kuwasumbua watu wazima juu ya miili yao wenyewe. Kwa hiyo, wakati wenzangu wameongea juu ya pampu za chuma, mimi nitaongea juu ya ile moja ya nyama ambayo kila mmoja wetu amekuja nayo kifuani. Nitaongea juu ya presha.

Kabla hamjanitazama vibaya, niseme kwamba habari za afya ya mtu ni siri yake, na mimi ndiye ninayewakumbusha wengine jambo hilo kila siku. Nilimwendea Fundi Mkuu nikamwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akaniambia niseme yote, ila niyaseme kwa mfuatano, kwa sababu nina tabia ya kuanzia katikati. Wenzake wawili nitakaowagusa nao wameniruhusu, na mmoja wao amesema ilinipasa nimtaje mapema zaidi, tena mbele ya watu wengi zaidi.

Basi nianze mwanzo. Kila mwaka daktari wetu huja kantini, meza zinasogezwa ukutani, na sisi sote tunapanga foleni tukiwa tumekunja mikono ya mashati. Anatupima, kisha anatukalisha na kutuhutubia. Punguzeni chumvi. Acheni sigara. Tembeeni. Aliyepewa vidonge avimeze. Maneno ni yale yale kila mwaka, mabenchi ni yale yale, na wasikilizaji ni wale wale, tukiondoa waliohamishwa. Nimesimama nyuma ya hotuba hizo miaka mingi, na nimejiuliza swali moja ambalo leo nawauliza na ninyi. Ikiwa wote tumesikia jambo moja, kwa lugha moja, kutoka kwa mtu mmoja, kwa nini kila mmoja anatoka pale na kwenda kufanya jambo lake?

Zamani nilijibu kwa wepesi. Nilisema huyu ana akili na yule hana. Siku hizi sisemi hivyo. Siku hizi nasema mtu haendi kantini peke yake; anakwenda na tabia yake, na tabia ndiyo inayokaa mbele na kumsikiliza daktari kwanza.

Mtazameni mwendesha winchi wetu, ambaye jina lake la karakana mnalijua. Wageni niwaambie, tunamwita Kesho. Hakuna mtu asiye na ubishi kama Kesho. Ukimwambia aende kupimwa macho, atakubali kwa moyo mweupe, atakushukuru kwa kumjali, na atasema atakwenda kesho. Daktari alimwambia aache sigara, naye akakubali papo hapo, mbele yetu sote, akala kiapo kwa sauti iliyotutoa machozi. Kufika saa ya chai alikuwa nyuma ya tangi akivuta. Akala kiapo kingine. Kikaenda njia ile ile. Mkewe alimsema, mimi nikamsema, daktari akamwonyesha picha za mapafu, naye akazitazama kwa masikitiko makubwa kana kwamba ni mapafu ya jirani.

Siku moja nikiwa nimekata tamaa nikamuuliza ikiwa anaahirisha kila kitu, kwa nini sigara tu ndiyo haahirishi. Akaitazama sigara iliyokuwa mkononi mwake. Nikamwambia asiache kuvuta kabisa, aiache hiyo moja aliyoishika, aivute kesho. Jambo hilo lilimwingia kwa sababu halikumtaka awe mtu mwingine. Akairudisha ndani ya pakiti. Pakiti ile imo kwenye kabati lake la nguo mpaka leo, imebonyea kona, na ukimuuliza kama ameacha sigara atakukatalia katakata. Hajaacha. Hajapata tu nafasi ya kuvuta.

Na yuko dada yetu wa stoo, ambaye tabia yake ni wasiwasi. Mtu mwenye wasiwasi husifiwa kuwa ni mwangalifu, na kweli huyu hali chumvi, havuti, halali kabla hajahakikisha gesi imefungwa. Lakini alikuwa akija chumbani kwangu kupimwa presha, akiona namba iko juu anaogopa, akiogopa anarudi kupima, na namba inakuwa juu zaidi, mpaka tukawa hatujui tunapima ugonjwa au tunapima hofu. Daktari akampa dawa ambayo haimo kwenye chupa yoyote. Alimkataza kujipima mwenyewe na akamtaka anisaidie kuwapima wengine. Tangu hapo, akiwa na mikono ya watu wengine ya kuhangaikia, ameusahau wake, na presha yake inakwenda vizuri. Siku hizi ndiye msaidizi wangu, na mtamwona tena mbele katika habari hii, akiwa na mashine ya kupimia ndani ya mkoba.

Sasa nifike kwa mwenye siku yake.

Wageni waalikwa, huyu mnayemwita Fundi Mkuu, sisi tunamwita Milimita. Hatukumpa jina hilo kwa kumcheka, ingawa tumemcheka pia. Yeye ndiye aliyetuchorea ule ubao mkubwa wa zana ulioko ukutani karakana. Kila spana, kila bisibisi, kila nyundo imechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, na jioni kengele ikilia kila zana inarudi kwenye umbo lake. Ukiona umbo tupu, hakuna anayetoka mpaka kitu kipatikane. Kanuni ni moja, na ameisema mara nyingi kiasi kwamba watoto wetu nyumbani wanaijua: zana haitoki karakana. Mheshimiwa Mkurugenzi, naona unatabasamu. Labda unaikumbuka ile siku ya kwanza ulipoteuliwa, ulipokuja kututembelea na msafara wako, na Milimita akakusimamisha mlangoni kwa sababu huna kofia ngumu. Uliambiwa kwa adabu kwamba pampu hazijui vyeo. Msafara wote ulisubiri juani mpaka kofia ikaletwa, na ilikuwa ya rangi ya waridi kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Kwa heshima zote, ilikupendeza.

Mtu wa namna hii, ndugu zangu, mnadhani angemezaje vidonge vya presha? Bila shaka mnadhani angevimeza kama anavyofanya kila kitu, na hivyo ndivyo tulivyodhani sote. Kengele ya chai ikilia, kabla hajagusa kikombe, Milimita alikuwa anakwenda ukutani, anameza kidonge chake, anarudi. Ungeweza kurekebisha saa kwa kumtazama. Waliotafiti tabia na afya wanasema kwamba mtu mwenye mpangilio, anayemaliza alichokianza na kufika kabla ya wakati, mara nyingi ndiye pia anayekula kwa kiasi na kufuata maelekezo ya dawa. Sibishani nao. Daktari wetu hakubishana nao pia. Kila mwaka alimsimamisha Milimita mbele ya kantini kama mfano, na presha yake ilikuwa ya kupigiwa makofi. Wengine tulikuwa tukimwonea kijicho.

Nilichojifunza mimi ni kwamba hilo neno "mara nyingi" lina watu wake waliobaki nje.

Tulikuwa tumezoea utani mmoja, kwamba likizo haimpendi Milimita. Kila akitoka likizo alirudi na kichwa kizito, macho mekundu, hasira za karibu. Akikaa kazini kidogo anarudi sawa. Tukasema huyu amezaliwa kwa ajili ya kazi. Tukacheka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anapumzika na kuumwa, kisha anafanya kazi ngumu na kupona.

Miaka miwili iliyopita, akiwa likizo, alikuwa nyumbani anarekebisha mlango wa kabati la jikoni. Bisibisi ikamponyoka. Mkewe, huyu wifi yangu, ambaye ni mshonaji na alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha pili, akasikia kishindo, akamwambia kwa utani kwamba amezeeka, aokote. Milimita akamjibu, na alichojibu hakikuwa maneno. Zilikuwa sauti tu. Wifi alipotoka alimkuta amekaa sakafuni, upande mmoja wa mdomo umelegea, anamtazama kama mtu anayeomba radhi.

Hospitali wakamuuliza wifi mgonjwa anatumia dawa gani. Akajibu kwamba hatumii dawa yoyote. Hakubahatisha. Alikuwa na hakika, kwa sababu nyumba ni yake, anaifagia mwenyewe, na hajawahi kuona kidonge kimoja mle ndani. Kisha akanipigia simu mimi.

Nilikwenda karakana na dada wa stoo. Tukasimama mbele ya ubao wa zana. Hapo, kati ya spana ndogo na kipimo cha kupimia unene wa vyuma, palikuwa na umbo moja fupi lenye mabega ya mviringo, limechorwa kwa rangi ile ile nyeusi, kwa mkono ule ule uliotulia. Ndani ya umbo lile, kwenye msumari wake, kwa kikamba kilichofungwa shingoni, lilining'inia kopo la vidonge. Karakana nzima ilikuwa inalipita kila siku. Lilikuwa limekaa mahali pake vizuri mno kiasi kwamba hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini haliendi nyumbani.

Aliporudiwa na kauli, na namshukuru Mungu kwamba alirudiwa, nilikwenda kumwona wodini. Nilimuuliza dawa alikuwa anameza lini. Akasema kengele ya chai. Nikamuuliza, na likizo je? Akasema likizo anakuwa hayupo kazini.

"Na Jumapili, Mzee?"

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi wa ufundi aliyeshika spana kichwa chini.

"Jumapili hatufanyi kazi," akasema.

Naona mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Nilikaa kwenye kile kiti cha wodini na nikaogopa kwa kweli, kwa sababu nilielewa. Daktari alimpa dawa ile kantini, saa za kazi, kutoka kwenye sanduku la idara. Kwa Milimita, kilichotolewa kazini ni cha kazini. Kina mahali pake, kina saa yake, na hakitoki. Asingekiuka kanuni kwa kuchukua gasketi moja ya mpira kwenda kuzibia bomba la kwake, sembuse kopo zima la vidonge. Na sisi tulikuwa tukimpima presha siku za kazi, saa za kazi, akiwa ametoka kumeza. Hakuna aliyewahi kumpima likizoni.

Sasa semeni wenyewe: mtu huyu ni mzembe? Kuna mwenye uso wa kusimama hapa akamwita Milimita mzembe? Kesho ni mzembe wa wazi, na uzembe wake tuliuona tukaushughulikia. Lakini nidhamu ya Milimita ilikuwa nzuri mno, tukaipigia makofi, na ndani ya makofi hayo hatukuuliza nidhamu hiyo inamtii nani. Tulidhani anajitunza. Alikuwa anaitunza karakana, na yeye mwenyewe alijihesabu kuwa mojawapo ya mashine zake. Ikifungwa karakana, mashine inazimwa. Na mashine iliyozimwa haiwekwi mafuta.

Kwa hiyo nikafanya nilichojua kufanya. Nikamwamuru. Kama afisa wa usalama nilimpa amri kwamba Jumamosi atoke na kidonge cha Jumapili akimeze nyumbani, na kila alipokwenda likizo nilimruhusu rasmi kutoka na kopo lake na kulirudisha. Alitii kwa furaha. Presha ikatulia, likizo ikaanza kumpenda, na mimi nikajiona nimemaliza kazi. Ningesimama hapa leo nikasema hadithi imeishia hapo, kama si wifi yangu.

Mwaka huu, kustaafu kulipokaribia, nilimtembelea nyumbani kwake. Nilimkuta anashona sare za shule, pini mdomoni, kitambaa cha bluu kimejaa mapajani. Nilikuwa nimekuja na mpango. Nilimwambia kwamba mume wake ni mtu wa amri, kwamba karakana ikiisha amri zinaisha, na kwamba kuanzia sasa yeye ndiye awe mkuu wake wa zamu. Awe anamwamuru kumeza, kila asubuhi. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, ndipo akanijibu.

"Wifi, mimi niliolewa, sikuajiriwa."

Nikamwambia ni jambo dogo, neno moja tu la asubuhi. Akasema si dogo. Akasema miaka yote hiyo alimgawana na kengele, akavumilia, lakini hatakubali sasa yeye mwenyewe ageuzwe kuwa kengele. Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda. Likizo ya kustaafu itakapoanza, nisimpe amri yoyote, wala ruhusa ya kutoka na kopo. Ninyamaze. Nilimwambia hiyo ni hatari. Akanijibu kwamba anaijua hatari ile kuliko mimi, kwa kuwa ndiye aliyemkuta sakafuni.

"Siku utakapokufa wewe, au ukihamishwa, atamwomba nani ruhusa ya kuishi?" akaniuliza. "Nataka nijue sasa, wakati bado tuko wengi."

Nilikwenda kwa daktari nikitumaini atakataa. Hakukataa, ila aliweka sharti kwamba mgonjwa apimwe kila jioni, na presha ikifika kiwango fulani mchezo uishe, apelekewe dawa bila mjadala. Kazi hiyo nikampa dada wa stoo. Ili Milimita asishtuke, alikuwa anakwenda na suruali za mumewe akidai zipunguzwe urefu, na akiwa pale anatoa mashine kwenye mkoba, anampima mwenye nyumba, eti anajizoeza. Zilipunguzwa suruali nyingi. Nadhani mume yule siku hizi anavaa kaptura.

Ndugu wageni waalikwa, nisiwafiche: zile zilikuwa siku mbaya kwangu. Wenzangu wananijua kwa macho makavu, na kazi hii haifai mtu wa machozi. Lakini kila jioni namba ilipanda kidogo, na kila jioni nilikuwa na simu mkononi, nikitaka kumpigia Milimita nimwambie maneno machache tu, nayo yangetosha. Nilikuwa nampigia mkewe badala yake. Wifi alikuwa ananieleza. Amevaa viatu asubuhi akaketi. Amepanga upya pini zangu kwa ukubwa. Kichwa kinamuuma, hasemi, ila naona anavyokishika. Mimi namuuliza wifi kama sasa inatosha. Ananijibu kwamba bado.

Kisha ikaja asubuhi moja, na kwa habari za asubuhi hiyo ninamtegemea mlinzi wetu wa getini, ambaye yuko mlangoni pale na ananisahihisha nikikosea. Milimita alifika getini akiwa na shati la nyumbani na kichwa kitupu. Mlinzi alimsalimia, akamkumbusha kwa heshima kwamba aliye likizo haingii karakana. Kanuni hiyo Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tena kwa ukali. Milimita akasema anaijua. Akasema kuna kitu chake mle ndani.

Mlinzi akauliza kile alichofundishwa kuuliza.

"Ni kitu cha karakana, Mzee, au ni chako?"

Mlinzi ananiambia Mzee alisimama pale muda mrefu. Gari la mchanga lilipita, likafunguliwa geti, likafungwa, na yeye bado amesimama, anatazama chini, midomo inacheza kama mtu anayepiga hesabu ambayo haitaki kukubali. Mlinzi akafikiri amepatwa na kiharusi tena, akataka kumletea kiti. Ndipo akainua uso.

"Changu," akasema.

Akainamisha mgongo akapita chini ya kizuizi.

Sisi tuliokuwa ndani tulimwona akiingia. Kesho alisimamisha winchi angani na mota ikabaki inaning'inia. Milimita hakutusalimia. Alikatiza katikati ya karakana bila kofia, bila miwani, nje ya mstari wa njano ambao aliuchora yeye, akafika kwenye ubao, akalitoa kopo kwenye msumari wake, akalitia kwenye mfuko wa shati. Umbo likabaki tupu. Alilitazama lile umbo tupu, nikamwona mkono wake unataka kurudi mfukoni. Wala sikusema neno, na hakuna jambo gumu nililowahi kufanya katika kazi hii kuliko kutosema neno pale. Kisha akageuka akatoka.

Nyumbani, wifi anasema, aliingia akachota maji mwenyewe, akasimama jikoni, akameza. Yeye wifi alijitia hamnazo na cherehani yake. Ila anasema alishona mkono wa shati la mtoto wa watu ukafungwa pande zote mbili, na ilibidi aufumue. Tangu siku ile vidonge vinamezwa, na Jumapili navyo vinamezwa, na dada wa stoo amemrudishia mumewe suruali zote zilizobaki.

Sisemi kwamba Milimita amebadilika. Maua yale bado yanamkera, mnamwona. Siamini kwamba watu hubadilika tabia kwa ajili ya afya, wala siwaombi mbadilike. Naomba tu kila mmoja ajue tabia yake inamtii nani, na kama yeye mwenyewe yumo kwenye orodha ya wale inaowatii. Huyu ilimchukua miaka mingi na asubuhi moja. Wengine wenu hamjaanza.

Linabaki jambo moja la kikazi, Mheshimiwa Mkurugenzi, na naomba uniruhusu kulimaliza hapa kwa sababu baada ya leo sitakuwa na mamlaka juu ya mhusika. Kanuni zetu zinampa afisa wa usalama uwezo wa kutoa onyo la mdomo mbele ya mashahidi. Naona mashahidi wanatosha. Fundi Mkuu, tafadhali simama.

Asante. Katika utumishi wako wote hukuwahi kupewa onyo lolote, na najua ulikusudia kuondoka hivyo. Nasikitika kukuharibia. Ulipita getini ukiwa likizo, bila ruhusa. Uliingia karakana bila kofia wala miwani, ukatembea nje ya mstari. Ukatoa kwenye ubao kitu kilichochorewa umbo lake, ukaondoka nacho, jioni kengele ikalia na hukukirudisha. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa furaha ambayo sikujua ninayo, ninakuonya. Na nikishakuonya, nakuomba kama dada yako: usikirudishe.

Waheshimiwa, wifi yangu, ndugu wote, nawashukuru kwa subira yenu na kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Fundi Mkuu, unaweza kukaa. Au uendelee kusimama, kama mwenyewe unapenda.